Tribunali Haipokei Kuku

Baraka, Jumatatu, 4 Juni 1956

Kosa la watu wengi hapa ni kudhani kwamba juji ni juji popote alipo, hata akiwa anaoga ziwani. Nimelieleza tena asubuhi, uji ukipoa. Tangu nistaafu ualimu, watu huniletea mashauri yao kama wanavyompelekea nesi vidonda.

Leo amekuja Mama Zaina, mjane, muuza ndagala. Uwanja wake wa mchanga, anapoanika samaki tangu mumewe akiwa hai, umechukuliwa. Polisi wa chifu walibomoa kibanda chake, na uwanja akapewa mpwa wa Wilondja. Amri ni ya Wilondja mwenyewe, juji wa tribunali, yaani hakimu wa mahakama yetu ya sekta. Zaina anataka kumshtaki Wilondja arudishe uwanja na kujenga upya kibanda.

Nilimwambia ukweli. Juji hashtakiwi kwa hukumu yake, hata ikiwa mbaya. Ukiona imepotoka, unakata rufaa Fizi. Sheria hiyo ni nzuri. Bila hiyo kila aliyeshindwa angemburuta juji, na hakuna mwenye akili angekubali kukalia kile kiti.

Aliondoka bila kunywa maji. Sikupenda nilivyomwacha.

Jumatano, 6 Juni

Kuna jambo sikumwuliza: Wilondja alikata shauri wapi? Nimeteremka ufukweni kumwuliza Zaina.

“Kwa lubunga yabo,” alisema. “Mi nilisimama inje. Mwanamuke haingiake.”

Lubunga. Kile kibanda ambamo wanaume wa ukoo hula na kusemezana mambo yao. Hapakuwa na karani. Hapakuwa na majuji wenzake. Wilondja alikaa pale kama mzee wa ukoo, mpwa wake ubavuni.

Basi hakuna hukumu. Kuna neno la mzee mmoja juu ya mali ya mtu mwingine. Kinga ya juji inafunika kazi anayofanya tribunalini. Haimfuati nyumbani kwake. Nilimweleza mara mbili. Nikauliza kwa nini hakupinga siku ile.

“Mwalimu, ni juji ndiye alisema. Na kuku nilipeleka.”

Alipeleka kuku mwekundu, kama afanyavyo kila anayetaka neno lake lisikilizwe lubunga. Yeye alidhani analipia tribunali. Nusu ya Baraka wangefanya vilevile: mtu ni mmoja, sauti ni moja, nani atatofautisha? Nimekasirika. Si kwa Zaina.

Jumamosi, 9 Juni

Sokoni. Wilondja alinisimamisha mbele ya wauza mawese.

“Muzee, unafundisha bamama kushitaki bajuji? Kesho utafundisha bambuzi kushitaki muchungaji.”

Watu walicheka. Akaongeza kwamba kesi ilisikilizwa vizuri, na kuku wakamla.

Nikamwuliza tangu lini tribunali inakula kuku. Walicheka tena, safari hii yeye hakucheka.

Jioni majirani wawili waliokuwa tayari kutoa ushahidi wamesema hawakuona chochote. Kibanda kilibomolewa mchana kweupe, mbele ya milango yao. Ninawaelewa. Siwasamehe bado.

Fizi, Jumanne, 12 Juni

Mimi na Zaina tumepanda na lori la pamba kupeleka mashtaka. Vumbi mpaka kwenye meno. Goti linauma.

Bwana administrata, mkuu wa teritware, yaani wilaya yote, alitupokea akiwa amesimama. Hakusikiliza hata nusu. Juji hashtakiwi, alisema. Maneno yangu mwenyewe ya juma lililopita, nimerushiwa usoni. Nikaeleza kwa Kifaransa tofauti ya kazi ya juji na mambo ya mzee wa ukoo. Kifaransa changu hakikumpendeza.

Najua kinachomsumbua. Yeye mwenyewe ni mtawala asubuhi na juji mchana. Akikubali kuuliza Wilondja alikuwa nani siku ile, kuna siku mtu atauliza yeye alikuwa nani.

Zaina alikuwa kibarazani.

“Amesema nini, Baba?”

“Amesema kesho.”

Sijawahi kufupisha kitu hivyo.

Jumatano, 13 Juni

Tumengoja tena. Safari hii sikueleza sheria. Nilimwomba administrata jambo moja: amwulize karani wa tribunali ya Baraka kama shauri hili lilisikilizwa pale. Ikiwa lilisikilizwa, tutakata rufaa na kunyamaza. Kama halikusikilizwa, anakinga hukumu gani?

Akatuma mtu.

Ualimu wote huu, na kilichofaa ni swali moja. Inaudhi.

Alhamisi, 21 Juni

Fizi tena. Karani amejibu kwamba shauri hilo hakuwahi kuliona. Wilondja naye alipanda, koti jeusi, na kusema mbele ya administrata kwamba mambo yaliisha kidesturi: mwanamke alileta kuku, kuku akaliwa. Alijimaliza mwenyewe. Tribunali inapokea ada na kutoa risiti, haipokei kuku. Hata administrata alilazimika kulisema.

Basi Wilondja atashtakiwa kama mtu yeyote, mbele ya tribunali ya teritware. Siku itatajwa. Mpaka hapo Zaina akae uwanjani mwake, na mpwa asijenge.

Nilitarajia kufurahi. Lakini Jumatatu Wilondja atakaa tena kitini kuhukumu wengine. Na polisi waliobomoa, hakuna aliyewauliza kitu. Nilipowataja niliambiwa nisizidishe.

Baraka, Jumapili, 24 Juni

Ziwa limetulia. Nimepita kwa Zaina. Amefunga masufuria kwenye kanga. Anataka kwenda kwa kaka yake, kijijini Swima.

“Nimechoka, Baba. Bajirani habanisalimie tena.”

Nilianza kumweleza kwamba akihama, uwanja mtupu utamsemea yule mpwa, na siku ya shauri itakuta hakuna wa kulalamika. Nikaona macho yake. Nikaacha. Ameshaeleweshwa vya kutosha. Anachoogopa ni kuonekana pale peke yake, mtaa mzima ukimtazama.

Ndagala wa alfajiri bado wako kwenye vikapu vyake. Wataoza kabla ya kesho.

Basi, wewe mwalimu, chukua ufagio, nenda ukafagie ule uwanja pamoja naye, leo.