Mama Wanne Walioliliwa na Mbingu

Geita, Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, vumbi hadi ndani ya chai.

Wanafunzi wangu ni watu wazima, vibarua wa mgodini, wanaojifunza Kiingereza wakitoka kazini. Niliwapa barua moja ya mfano, ya kuomba ruhusa ya kwenda kumzika mama. Ndani yake mna sentensi niliyoipenda kupita zote: mbingu zilimlilia mama yangu mchana kutwa. Niliwaeleza taratibu kwamba mwandishi hodari huweza kuzipa mbingu moyo wa mtu, zikahuzunika kama sisi. Wakaikariri neno kwa neno.

Nilijivuna.

Leo Kulwa, mpole kuliko wote darasani, alinijia mbio. Mama yake amefariki huko Nkome. Kaka yake amekuja kumchukua kwa baiskeli, maana mazishi ni kesho asubuhi. Lakini barua yake ya ruhusa imekataliwa, na anayeondoka bila ruhusa hana kazi tena.

Nikaenda naye ofisini. Karani mkuu, mtu wa pwani mwenye ulimi, akatandaza barua nne mezani.

"Shikamoo, Mwalimu. Hebu nisaidie. Mama wanne, wote wameliliwa na mbingu mchana kutwa. Na hili vumbi la miezi miwili, ndiyo machozi yenyewe?"

"Marahaba, mwanangu. Hao wengine..."

"Hao wengine walikwenda ngomani, Mwalimu! Marehemu mmoja alikuja hapa juzi, kamletea mwanawe michembe, viazi vyenu vya kukausha."

Nilitamani ardhi inimeze. Barua zote nne zilikuwa zangu, hadi mkato wa mwisho.

Mzungu, meneja wa mgodi, akatoka chumbani kwake, akamtaka Kulwa aseme mwenyewe, bila karatasi. Kulwa akanitazama. Nilikaribia kumnong'oneza ile sentensi. Namshukuru Mungu nilijizuia.

Akasema kwa Kiingereza kilichovunjika vipande vipande: "Mama kufa. Mimi mtoto wake. Mimi kwenda zika."

Mzungu akachukua kalamu, akaitia sahihi barua ya Kulwa.

"Panda, twende!" kaka mtu alifoka nje, na wakaondoka. Mungu awafikishe kabla kaburi halijafunikwa.

Tangu hapo nimekaa tu. Ile sentensi niliitunga nikiwa mwanafunzi, ili kumfurahisha mwalimu wangu. Mama yangu alikuwa hai, anatwanga uwele uani. Alipokufa kweli, sikuandika hata neno.

Kesho ninaichana barua ile mbele yao wote. Kila mmoja atanieleza habari za mama yake, aliye hai au aliyekufa, kwa Kiingereza chochote alicho nacho. Nitaanza mimi.

Nimejaribu jioni yote. Mwalimu mzima, na bado sijapata sentensi moja ya kweli.