Nilivyomkalimania Kaka Yangu Maneno ya Daktari

Jumanne, 14 Machi 1967. Homa Bay.

Joto la leo halina adabu. Mvua ilianza wiki jana, ikanyesha siku mbili, ikakatika, na sasa ziwa limetulia tuli na mji mzima unanuka omena, dagaa wa ziwani kwetu. Nimeketi mlangoni na daftari kwa sababu ndani hakukaliki. Mke wangu anapepeta mtama uani. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia ripoti ya ofisi. Yeye husoma Biblia ya Kijaluo tu, na ndiyo maana naandika kwa Kiswahili.

Leo nimemfanyia kaka yangu ubaya. Nataka niuandike kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni karani wa hospitali. Asubuhi naandika majina ya wagonjwa, na daktari akikwama na lugha ananiita nimkalimanie. Daktari mwenyewe ni mgeni. Kiswahili chake ni cha dukani, Kijaluo hana kabisa. Kwa hiyo mgonjwa asiyejua Kiswahili husikia kile tu nilichoamua mimi asikie. Miaka sita nimefanya kazi hiyo na sikuwahi kumdanganya mtu hata mmoja. Naliandika hilo hapa, ingawa sijui leo linanisaidia nini.

Kaka yangu anaitwa Ogweno. Amenizidi miaka mitatu, anaishi nyumbani kwetu upande wa Migori, na mama. Jina hilo lina historia yake. Baba wa babu yetu aliitwa Ogweno. Alianguka akilima, upande wa kushoto ukafa, akalishwa kwa kijiko mwaka mzima. Baba yetu mkubwa akapewa jina lake, naye akaanguka angali na nguvu zake, mdomo ukaenda kando, hakutamka neno tena mpaka tukamzika. Mwezi mmoja baadaye mama akajifungua. Mtoto alilia siku tatu. Wakamtajia majina ya wafu mmoja mmoja, kama tunavyofanya kwetu, na walipofika kwa Ogweno akanyamaza, akanyonya. Ikawa basi. Mzee amerudi, na ugonjwa wake amerudi nao.

Mimi nilizaliwa mvua ikinyesha, nikaitwa Okoth. Ni jina la mvua tu, halina marehemu ndani yake. Kwa sababu hiyo peke yake nimeishi vizuri.

Ogweno alitolewa shule darasa la pili, Kiswahili hakijamwingia. Mama alisema ya nini kumsomesha mtu atakayeanguka, na nafasi yake nikapewa mimi. Akakatazwa ziwa, asije akaangukia majini. Akakatazwa jembe la ng'ombe, akakatazwa kupanda juu ya paa. Wakamkalisha kivulini asokote kamba za katani, na huko kivulini amezeeka. Mara mbili alikuja jagam, yule mtu wa kati anayechunguza ukoo kabla ya posa. Mara zote mbili alipita kwanza kwa majirani kuuliza habari zetu, na hakurudi.

Kwetu mdogo haoi kabla ya mkubwa. Si jambo la mzaha, watu huliogopa kwelikweli. Lakini nilipotaka kuoa mimi, wazee walikaa nusu siku wakaamua Ogweno ahesabiwe kama mtu aliyekwisha kupita. Walisema hivyo yeye mwenyewe akiwa pale pale, anasokota. Hakuinua kichwa.

Na ni yeye aliyeswaga ng'ombe wa mahari yangu, siku mbili kwa miguu mpaka Karungu. Mtu wa kuanguka wakati wowote, ameswaga ng'ombe siku mbili juani! Hakuna aliyeona ajabu. Mimi pia sikuona, nilikuwa nimeshughulika kutafuta viatu vya harusi.

Sasa niseme ya juzi.

Wiki mbili zilizopita daktari alileta mashine ya kupimia presha, akataka kuwafundisha wauguzi. Alihitaji mkono wa kujifunzia, nikatoa wangu, huku nikiwatania akina dada. Alipima. Akapima tena. Akawaambia wauguzi watoke. Akaniuliza kwetu nani amewahi kupata kiharusi. Nikamsimulia habari za akina Ogweno, nikamwambia asihangaike na mimi, ugonjwa ule una mwenyewe.

Hakucheka. Akauliza baba alikufaje. Nikasema pombe. Alilala na maumivu ya kichwa, hakuamka, na kijiji kizima kilijua jinsi alivyoipenda chang'aa. Na babu? Babu aliteleza mtoni. Walimtoa akiwa hai, mkono mmoja haufanyi kazi, akafa wiki hiyo hiyo. Shangazi yeyote? Yuko mmoja, mdomo wake ulienda kando msimu mzima kisha ukarudi, lakini yule alirogwa na mke mwenzake.

Daktari alikuwa anaandika. Alipomaliza akanigeuzia karatasi. Watu watano. Wawili ni akina Ogweno, watatu si akina Ogweno. Nilisoma ile karatasi kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya wanaotafutwa. Miaka yote tulikuwa tumehesabu wenye jina tu, na hao wengine tukawatafutia pombe, utelezi na wivu wa wanawake.

Alinieleza polepole. Presha hutembea katika damu ya ukoo. Mtoto huipata kwa mzazi wake kama anavyopata pua, na ndugu yake wa tumbo moja anaweza kuikosa. Haiulizi mtu anaitwa nani. Aliyeirithi si lazima aanguke, ila yeye yuko karibu zaidi na hatari kuliko wengine, kwa hiyo apunguze chumvi, ameze vidonge, apimwe mara kwa mara. Kisha akaniambia yangu iko juu sana. Akaniambia watoto wangu nao wapimwe wakifika umri. Nina wavulana wanne.

Halafu akasema nimlete kaka.

Ogweno alikuja Jumapili, na kuku mmoja na karanga kwenye kikapu. Sikumwambia kitu ila kwamba kuna daktari mzuri. Mke wangu alimkaribisha kwa heshima zote, shemeji karibu, shemeji kula, na Ogweno alipoinuka kwenda nje, nikamwona mke wangu anawakonyeza watoto wasikikalie kiti alichokiacha. Ogweno pia alimwona, alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama nje kana kwamba kuna kitu huko, na mimi nikamimina chai nyingine.

Jana asubuhi alinikuta nameza kidonge. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akanipa pole, akasema kazi ya kuandika inachosha kuliko watu wanavyodhani, nijitahidi kupumzika. Alisema kwa moyo wake wote. Nilitamani kumpiga.

Leo saa nne tuliingia chumba cha daktari. Ogweno alikaa na mikono juu ya magoti. Alikuwa amevaa shati nililompa mimi, kuukuu, lililofifia kwenye kola. Daktari alimfunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza, akarudia mkono wa pili. Akasikiliza moyo. Akamtazama macho kwa taa. Alichukua muda mrefu kuliko alivyochukua kwangu. Mwisho akanigeukia anatabasamu.

"Mwambie presha yake nzuri kabisa," alisema. "Moyo ya kijana. Hiyo ugonjwa yeye hana. Mwambie aende alime, aoe, afanye kazi yote anataka."

Ogweno hakuwa anamtazama daktari. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

Nataka kusema nilichanganyikiwa, lakini si kweli. Nilikuwa na akili zangu zote. Niliona kwamba nikilisema lile neno, kufikia Jumapili kijiji kizima kitakuwa kimelijua, na swali litakalofuata ni moja tu: kama si Ogweno, basi nani? Mama atanitazama mimi. Ouma, mtoto wangu wa kwanza, anakaribia kuoa, na jagam atapita kwa majirani akiuliza habari za akina Okoth. Mimi ndiye nitakayeondolewa kwenye jembe na kukalishwa kivulini, na watoto wa watu watakonyezwa wasikalie kiti changu. Na wazee wataulizwa juu ya ndoa yangu, iliyomruka mkubwa aliye mzima.

Hiyo ilikuwa hofu. Chini ya hofu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Nilimwonea kijicho. Mtu ambaye nimekula shule yake, nimeruka zamu yake, nimemvalisha mashati yangu mabovu, amekaa mbele yangu na moyo wa kijana! Nilimkasirikia kwa kuwa mzima. Nilihisi ameniibia.

Nikamwambia kwa Kijaluo, kwa sauti ile ninayowasemea wagonjwa wote, "Daktari anasema bado unao. Anasema uendelee kukaa kivulini kama ulivyokaa, usijaribu kazi ngumu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakushtuka hata kidogo. Alivuta mkono wa shati akafunga kifungo chake.

Daktari akaniuliza mbona hafurahi.

Nikamjibu kwamba ni mtu wa aibu.

Daktari akacheka sana, akampiga Ogweno begani, akasema mwambie atafute mke wa kumtoa aibu. Na Ogweno naye akacheka, kwa heshima, kwa sababu mkubwa alikuwa anacheka. Tukawa tunacheka watatu mle ndani.

Nilimpeleka kula samaki kwa mama mmoja karibu na gati. Nilimnunulia kubwa. Alikula taratibu, akaninyofolea upande wa kichwa kwa sababu anajua naupenda. Aliniambia yule daktari ana mikono laini kama ya mwanamke. Aliniuliza kama nimelipa chochote, nikasema hapana. Mara mbili nilianza kusema, "Ogweno, unajua," na mara mbili akainua uso akasubiri, nikamwambia kwanza kwamba samaki wa siku hizi wamekuwa wadogo, na mara ya pili kwamba amsalimie mama.

Mke wangu aliponiuliza mchana daktari alisema nini, nilimpa maneno yale yale niliyompa Ogweno. Yakatoka bila taabu. Akasema maskini shemeji, akaenda kukiosha kile kiti kwa sabuni.

Vidonge vyangu viko ndani ya sanduku la mashati, nimevifunga kwa gazeti. Leo nimemeza viwili badala ya kimoja, sijui kwa nini. Daktari hakusema kama vinatibu na hili jingine.

Naweza kujiambia kwamba nitamwandikia barua. Lakini atasomewa na nani? Darasa la pili, nafasi yangu. Barua ya kwenda kwa Ogweno atasomewa na mtu mwingine, na huyo mtu atakuwa amejua kabla yake. Naweza kujiambia nitakwenda nyumbani Pasaka nimwambie ana kwa ana. Nimekuwa naye tangu juzi, ana kwa ana, chini ya paa langu. Nisijidanganye na mimi mwenyewe, mmoja aliyedanganywa leo anatosha.

Lori la Migori lilijaa saa nane. Ogweno alipanda bila kusaidiwa, akaketi juu ya magunia, kikapu chake kitupu mapajani. Aliniinamia akaniuliza mke wangu anatarajia kujifungua lini. Nikamwambia mwezi wa sita, Mungu akipenda.

"Omera," aliniita, ndiyo kusema ndugu yangu. "Nikitangulia, mtoto wenu asiitwe mimi. Hata nikimjia mama yake kwenye ndoto, mnikatae. Hata akilia siku ngapi, msilitaje. Liishe na mimi."

Kwetu mtu akifa bila mtoto wa kupewa jina lake, ndiye aliyepotea kabisa. Hata wezi huitiwa watoto. Ogweno hana mke, hana mtoto wala shamba lenye mpaka. Jina lile ndilo kitu pekee alichobaki nacho cha kuacha hapa duniani, na alikuwa amelifikiria njia nzima, akaona bora alizike lisije likawadhuru wanangu.

Dereva alikuwa anawasha. Watu walikuwa wanapakia kuku wa mwisho. Nilikuwa na nafasi ya kusema yote ya daktari kwa pumzi moja, kwa Kijaluo, mbele ya abiria wote, na ningemwona kaka yangu anapewa maisha yake akiwa juu ya magunia ya watu. Nilifungua mdomo kabisa.

Nikasema, "Sawa."

Akanishukuru.