Sifuri Kumi na Mbili

Nyumba za watumishi,
Jumapili mchana.

Kwako Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepunguza kelele. Shemeji naye naomba awe amepona kikohozi, na wapwa zangu wawe wanakwenda shule bila kusukumwa. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema mtoto ameota jino la nne na sasa anauma kila anayemkaribia, hasa mimi. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio ulionikalisha mezani tangu asubuhi, nikichana karatasi moja baada ya nyingine.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, nisamehe kwa kuchelewa. Haikuwa kazi wala safari iliyonichelewesha. Uliniuliza jambo moja tu: wewe ndiye unayekaa na hao wataalamu, hebu waulize walihesabuje, maana sisi nzohe tunawaona. Swali la mstari mmoja, nami nimehangaika nalo wiki tatu.

Nianze mwanzo, ili hata mwingine akiisoma aelewe. Mtafiti wetu, ambaye sote tunamwita Dokta, alikuja kutafuta nzohe wangapi wamebaki kinamasini, na wanakaa upande gani. Nzohe mwenyewe unamjua, swala wa majini, akikuona anazama hadi puani. Kwa kuwa haonekani kirahisi, hahesabiwi yeye, zinahesabiwa alama zake: nyayo, kinyesi, na mafunjo aliyoyalalia. Dokta alipima mistari sita ya kukatiza kinamasi, akaweka vigingi vyekundu. Mitatu ilikuwa upande wa mbali, mitatu upande wenu mnakokata mafunjo. Kazi ya kuitembea ilikuwa yangu, kila mstari mara nne kwa mwaka. Ndiyo kazi iliyowafanya watu wa nyumbani mniite Profesa, nami nikawajibu kwamba ni profesa wa mavi. Mlicheka sana siku ile. Mimi nilicheka pia, lakini ndani nilivimba kichwa.

Namba zilitoka kwenye daftari langu zikaenda kwa Dokta, Dokta akazitia kwenye kompyuta, zikawa ripoti ya kurasa themanini. Mhifadhi mkuu si mtu mbaya, Dada, ila ana hifadhi nzima juu ya meza yake na hana nafasi ya kurasa themanini. Alisoma muhtasari, akatazama ramani. Upande wa mbali ulikuwa na rangi ya kijani. Upande wenu ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa. Dokta alikuwa ameandika kwamba huenda ukataji wa mafunjo unahusika, na kwamba inafaa kuchunguza zaidi. Lile neno “huenda” lilidondoka njiani. Tangazo lilipofika kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji, lilisema wakataji wa mafunjo wamefukuza wanyama, na upande huo unafungwa kwa miaka mitatu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Nilisimuliwa kwamba Mama Pacha, mkata mafunjo mwenzako, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema nzohe wanazalia karibu kabisa na njia yenu ya maji, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumsogeza ndama kwa mpini wa mundu ili asimkanyage. Mhifadhi akamjibu kwa upole kwamba anamheshimu, lakini akamuuliza hayo ameyaandika wapi. Kisha akaifungua ramani. Nani atabishana na ramani? Haina mdomo, lakini ikishasema, imesema.

Halafu paa la jiko lako likaanza kuvuja, na mvua haingoji kikao. Mkaingia kukata mafunjo ya kuezekea, mkakamatwa wanne. Uliniandikia kwamba mlikalishwa kwenye ukumbi wa ofisi ya hifadhi tangu asubuhi hadi jioni, mundu wako ukachukuliwa, na ulipouliza kama mdogo wako yupo ulijibiwa kwamba yuko kinamasini kazini.

Baada ya kuisoma barua yako niliomba likizo ya siku tatu. Wifi yako alidhani nakwenda kutafuta kiwanja. Nilikwenda kwenye mistari ya upande wenu, wa nne, wa tano na wa sita, nikiwa na mti mrefu wa kupimia kina. Mstari wa nne nilikuta kinyesi cha siku mbili au tatu. Mstari wa tano, nyayo zilikuwa kila mahali, zile ndefu zilizoachana mbele kama mkasi uliofunguliwa. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimeandika alama thelathini na moja. Katika mstari wa sita niligusa mafunjo yaliyolaliwa nikakuta bado yana joto, na nilipoinua uso nikamwona jike, masikio na macho tu juu ya maji, ananitazama. Maji yalikuwa yamenifika kiunoni.

Sasa utauliza, kama ni hivyo, mwaka ule wa kuhesabu walikuwa wapi? Walikuwepo, Dada. Ambaye hakuwepo ni mimi.

Katika awamu ya kwanza kabisa, mwanzoni mwa mstari wa nne, nilikanyaga pale mafunjo yanapoelea juu ya maji kama zulia, nikatumbukia. Nilizama hadi kidevuni, na tope likanishika miguu. Nilijitoa kwa kung'ang'ania mizizi, sijui ilinichukua muda gani. Sikumwambia mtu. Ningeuweka wapi uso wangu, mtu niliyesomeshwa kwa mikeka ya mafunjo, niseme naogopa kinamasi? Tangu siku hiyo nilikuwa nikifika kwenye kigingi cha kwanza, nakaa juu ya kichuguu kikavu, nasubiri saa zipite, kisha naandika sifuri. Mistari mitatu, mara nne. Sifuri kumi na mbili, zote kwa mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukiusifu. Kama ningebuni wanyama, ningejiona mwongo. Sifuri niliiona kama kunyamaza tu. Nilidhani sifuri haimdhuru mtu.

Liko na la pili, na hili ndilo lililonifanya nichane karatasi. Siku mlipokamatwa sikuwa kinamasini. Nilikuwa stoo, nyuma ya ule ukumbi, nabandika lebo kwenye chupa. Niliisikia sauti yako ikiniulizia. Yule karani hakukudanganya kwa makusudi, hakujua nipo. Mimi nilijua upo. Nilizima redio, nikakaa kimya mpaka jioni, nikatokea mlango wa nyuma. Umenilea tangu nina miaka sita, hujawahi kuniita mara mbili nisiitike. Siku ile hukuniita hata kwa kelele, na bado nilijificha.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea Dokta daftari la zamani na jipya, nikamweleza yote. Nilitarajia afoke. Aliniuliza tu mistari ipi na tarehe zipi, akawa anatia alama kwa penseli. Alipomaliza akasema kosa la kwanza ni langu, lakini la pili ni lake. Aliziona sifuri zimepangana vizuri mno akafurahi, kwa sababu zilimpa jibu lililo wazi, na mwaka mzima hakukaa hata mara moja na wanawake wanaoingia mle kila siku. Kisha akanichukua tukaenda kwa mhifadhi.

Mhifadhi alisikiliza hadi mwisho. Dokta alimwomba afungue upande wenu palepale. Akakataa. Alisema, “Nilifunga kwa karatasi. Nikifungua kwa maneno, kesho kila mtu atakuja na maneno yake.” Nilimkasirikia, lakini nikitafakari sioni pa kumlaumu sana. Alichokubali ni hiki: kuhesabu upya, kuanzia mwezi ujao, mistari yote sita, na safari hii kila mstari utembelewe na watu wawili, mlinzi wa hifadhi na mkata mafunjo, kila mmoja na daftari lake. Namba zitasomwa kwanza kijijini, ndipo ziende ofisini. Amekubali pia kwamba hadi hapo hakuna atakayekamatwa kwa mzigo wa mafunjo wa kichwani. Dokta anataka Mama Pacha awe kwenye mstari wa tano, na ameniomba nikuulize wewe kama utachukua wa sita. Goti likikataa, useme.

Usiwaambie watu kwamba tumeshinda. Nilitembea asubuhi tatu tu, na asubuhi tatu si mwaka. Inawezekana hesabu ikaonyesha nzohe wamejaa. Inawezekana pia ikaonyesha wamepungua kweli, na mkaambiwa muache baadhi ya sehemu msimu wa kuzaa. Sijui. Ninachojua ni kwamba lolote litakalosemwa, litakuwa limetoka kwa mtu aliyelowa.

Mimi sipo tena kwenye kazi ya kuhesabu. Dokta alisema hawezi kuniamini na daftari, na alilia aliposema hivyo. Nimebakizwa mwezi mmoja wa kukabidhi vifaa. Wifi yako anajua. Siku ya tatu tangu nimweleze aliniambia nije niyaungame kwako pia.

Mkutano ni Jumamosi hii. Nimeomba nizungumze kabla ya mhifadhi na kabla ya Dokta, na wamekubali. Lakini sitaki ulisikie hili kwa mara ya kwanza mbele za watu, ndiyo maana naiandika barua hii. Nitafika kwa basi la asubuhi na nitapita kwako kwanza. Ukiona vema kunifungulia, nitashukuru. Usipofungua, nitakwenda moja kwa moja mkutanoni, na wala usijilazimishe kuja kunitetea. Mundu wako nimeuomba ofisini wakanirudishia. Nitauacha mlangoni, liwalo na liwe.

Msalimie Shemeji, uwabusu wapwa, na Mama Pacha umpe shikamoo yangu hata kama hataipokea.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniulizia, nami nilikuwepo.