Kamera Isiyopiga Kelele

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, mimi na mjukuu wako Bonge, ambaye siku hizi anapanda meza kwa miguu na kushuka kwa kichwa. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule paka bado analala kwenye sinia lako la kusafishia picha?

Nina ombi, usinicheke. Mimi niliyekuwa nakukimbia kila ukiniita kwenye chumba cha giza, leo nataka kamera. Si ya simu, nataka ya filamu. Kuna fundi saa karibu na kituo cha basi, amepanga kamera kuukuu kabatini kati ya redio mbovu na saa zilizosimama, na bei zake hazitishi. Nimeingia pale mara kadhaa nikatoka mikono mitupu, maana sijui hata upande wa kutazamia. Nichukue ipi? Iwe rahisi kwa mtu asiyejua kitu, iwe ndogo ya kuingia kwenye mfuko wa aproni, na zaidi ya yote isipige kelele. Nataka kumpiga Bonge picha kabla hajakua.

Nijibu upesi, mama. Upesi kabisa.

Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika lakini bado unanibeba. Paka amehama sinia, sasa analala ndani ya viatu vyangu. Umefanya vizuri kuandika, maana masikio yangu na simu hayaelewani tena.

Kabatini kwa fundi utakuta za aina tatu. Kuna zile nzito zenye kioo ndani. Picha zake nzuri, ila ukibonyeza kile kioo kinaruka na kugonga kama mtu anayefunga kabati kwa hasira. Ziache. Kuna za betri, zinazovuta filamu zenyewe. Mgeni huzipenda, lakini zinanguruma, na umeme wake ukifa hakuna wa kuzifufua. Wewe tafuta zile ndogo za kuvuta kwa mkono, ambazo pazia lake, lile la kuruhusu mwanga, limo ndani ya lenzi yenyewe. Umbali unauweka kwa kufuata vijipicha: kichwa cha mtu kwa karibu, watu wawili kwa katikati, mlima kwa mbali. Watu wanaziona za kitoto, ndiyo maana ni rahisi. Mlio wake ni kama mtu anayemeza mate.

Usilipe kabla hujafungua mlango wa nyuma wa kamera. Elekeza kwenye mwanga, bonyeza, uone pazia linafunguka na kujifunga bila kusita. Chungulia lenzi; ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, rudisha. Gusa sifongo nyeusi pembeni mwa mlango. Ikikunata kidole kama lami, mwanga utapenya. Kisha nunua filamu nyeusi na nyeupe yenye nguvu ya ASA mia nne, inayovumilia vyumba vyenye mwanga hafifu. Hiyo naisafisha mwenyewe hapa jikoni.

Sasa na wewe nijibu. Mtoto hakimbii mlio wa kamera, hugeuka akacheka. Ni nani huyo asiyetakiwa kusikia?

Mama yako


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimenunua ile uliyosema. Fundi saa aliniangalia kama nimeacha mchele nikachukua makapi.

Sikukwambia yote, na wewe umenishika palepale. Unajua tunafua shuka za mahoteli ghorofa ya tatu. Tajiri aliongeza mashine kubwa mbili, na tangu hapo nguzo ya katikati ina ufa. Ulianza kama unywele. Sasa kidole changu kidogo kinaingia. Mashine zikianza kukamua, unga wa plasta unatudondokea kwenye shuka safi. Walikuja wakauziba, wakapaka rangi, ukarudi umekata kona. Na chini yetu, ghorofa ya pili, ndipo kilipo chumba cha kulelea watoto wetu. Nguzo ni hiyohiyo, inapita katikati ya mikeka yao.

Simu tunaziacha getini kwa mlinzi. Mpiga pasi mmoja aliificha yake, akapiga picha, akampelekea tajiri. Tajiri alicheka, akasema imechezewa kwenye kompyuta, na mpiga pasi hakuonekana tena kazini. Ndiyo maana nataka picha ambayo hawataweza kuicheka.

Naogopa, mama. Mwenzangu Mama Pacha, ambaye wanawe wawili wamo mle chini, ananiambia majengo ya zamani hujinyoosha kama wazee. Anacheka, lakini akishika shuka anaishika karibu na mlango.

Nielekeze.

Binti yako


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Watu huandika mwanzoni mwa barua kwamba hofu ni kwa anayesoma, wakaendelea na habari za mvua. Mimi leo nayaandika maneno hayo, na habari za mvua sina.

Kwanza, Bonge asirudi kwenye kile chumba. Sema ana surua. Na wewe ningekuambia fungasha urudi nyumbani, lakini utaniuliza watoto wa wenzako nao warudi kwa nani. Basi sikiliza.

Humo hakuna jua. Tundu la lenzi lifungue hadi mwisho, kwenye namba ndogo kuliko zote, na kasi weka thelathini. Kwa kasi hiyo mkono ukitetemeka picha inavurugika, na wako utatetemeka. Egemea ukuta, bana viwiko mbavuni, toa pumzi yote ndipo ubonyeze. Weka mkasi kwenye ufa ili anayetazama ajue upana wake. Piga nguzo huko juu, kisha ngazi unazoshuka, kisha nguzo hiyohiyo kwa watoto. Usipige kitu kingine katikati. Filamu ni utepe mmoja, picha hukaa jirani kama zilivyopigwa, na hakuna atakayesema hii ni ya jengo lingine.

Usiisafishie hapo mjini. Nitumie mimi.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Surua ya Bonge imefanya kazi kupita kiasi. Wenzangu wananipisha kama mimi ndiye ninayetaka kuanguka. Anashinda kwa jirani. Leo mlinzi aliipapasa aproni yangu, akaitoa kamera. Nikamwambia ni kitu cha kuchezea cha mtoto. Alichungulia ndani yake, akaigeuza, akasema yeye ameagizwa simu tu. Akanirudishia bila kunitazama usoni.

Nilisubiri wenzangu wapeleke shuka kwenye pasi. Nikaegemea ukuta, nikatoa pumzi kama ulivyosema, nikapiga. Kweli haikusikika. Nilipovuta ya pili nikahisi mtu nyuma yangu: msimamizi wetu, yule mama wa miwani. Kamera niliitumbukiza kwenye toroli la shuka. Akaniuliza natafuta nini kwenye nguzo. Nikasema hereni yangu imeanguka. Mama, aliinama tukaitafuta wote. Alipotaka kuinuka alijishikilia kwenye nguzo, vidole vyake vikaingia kwenye ufa, akavitoa polepole na kuvifuta kwenye sketi, bila kuangalia. Hapo nikajua na yeye anajua. Hilo lilinitisha kuliko kama angenifokea.

Nikashuka, nikipiga ngazi, nikisingizia kufuata blanketi la Bonge. Watoto walikuwa wamelala. Pacha walikuwa wamekumbatiana miguuni pa nguzo. Nikapiga, nikatoka.

Filamu nimeirudisha kwenye kopo lake, nampa dereva wa basi akuletee mkononi.

Binti yako


8 Aprili

Mwanangu,

Kaa kwanza.

Filamu imetoka nyeupe kama kioo, mwanzo hadi mwisho. Nilidhani nimekosea dawa, nikajaribu dawa hiyohiyo kwa kipande kingine, haina tatizo. Filamu yako haikushika. Ulikuwa unavuta wenzo, kile kijiti cha kusogezea filamu, na yenyewe imelala kwenye kopo lake. Humpata kila anayeanza. Mimi nilipoteza harusi nzima, na bibi harusi hakuniamkia hadi alipozaa.

Ukiweka nyingine, ingiza ulimi wake, ile ncha iliyotokeza, kwenye mpasuo wa kigurudumu cha upande wa pili, vuta wenzo mlango ukiwa wazi, uone meno yamekamata matundu ya pande zote mbili. Ndipo ufunge. Halafu kila ukivuta, tazama kile kitufe cha kurudishia filamu. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, unapiga hewa.

Nakuelekeza haya na papo hapo nakuomba usirudi mle. Nakuelekeza kwa sababu nakujua, na kama ni lazima urudi, basi urudi mara moja tu. Tangu nilipotundika ule utepe mtupu juu ya jiko sijaushusha. Nikiutazama nawaza ulipita pale bure, ukatoka, na huenda hiyo ndiyo bahati tuliyopewa.

Mama yako


13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimerudi mle, nimetoka, filamu hii hapa kwa dereva.

Kitufe kilizunguka. Kilipozunguka mara ya kwanza nilitaka kulia mbele ya kila mtu. Mkasi mara ile ulikuwa mpana kuliko ufa. Safari hii uliingia, ikabidi niushike usipotelee ndani. Na mlango wa chumba cha watoto haufungi tena, fremu imeubana. Mlezi wao ameuzuia kwa kiti na kuutundika nguo, anasema hewa inapita vizuri zaidi.

Msimamizi ameniuliza surua ya Bonge inaisha lini. Ameniita ofisini Jumatatu. Sijui ni la surua au ni la hereni.

Binti yako


22 Aprili

Mwanangu,

Zimetoka. Zile za juu zina ukungu kidogo, lakini mkasi unaonekana umo ndani ya ufa hadi kwenye mpini. Kisha ngazi. Kisha watoto. Ile ya watoto haina tone la mtikisiko; sijui uliisimamisha vipi mikono yako.

Sikumpa mtu. Nilivaa viatu nikaenda mwenyewe kwa mhandisi wa majengo wa mkoa, ambaye ofisi yake iko huku kwetu. Waliniweka kwenye benchi nikakaa. Waliponiambia nirudi kesho nikaendelea kukaa. Mwishowe aliniita, akaunyoosha utepe dirishani, akaufuata kwa kidole picha moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho akauliza, "Hawa watoto bado wanalala hapo?"

Nikamwambia ndiyo.

Akachukua koti lake. Anakuja huko kesho, na utepe anao. Wewe usiende kazini tena, hata wakuahidi mbingu. Na uniandikie siku hiyohiyo.

Mama yako


6 Mei

Mwanangu,

Hujaniandikia. Jirani amekupigia kwa niaba yangu, simu haipatikani. Leo dereva wa basi ameniambia kwamba Jumamosi mtaa wa kwenu ulijaa vumbi na watu wanakimbia, na polisi waliyageuza magari. Nikamuuliza jengo gani, hakujua.

Andika hata neno moja. Mwambie mtu yeyote akuandikie.

Mama yako


9 Mei

Mama,

Tuko hai. Mimi na Bonge, wote wazima, hakuna aliyekwaruzwa. Soma hilo kwanza, halafu ukae.

Simu yangu ilibaki getini siku walipotufungia, ndiyo maana hukunipata. Barua niliianza mara nyingi nikaichana, kwa sababu sikujua niseme nimefanya jema au baya.

Jumatatu ile msimamizi aliniuliza la surua tu. Kisha mhandisi alikuja. Tajiri akamwambia picha ni za jengo lingine. Mhandisi hakubishana, aliuweka ule utepe dirishani akawaita akina mama watazame kwa zamu. Kila mmoja aliiona nguzo, akaziona ngazi anazopanda kila siku, akamwona mwanawe amelala. Siku ileile tukatolewa wote, mlango ukatiwa kufuli.

Siku zilizofuata ndizo mbaya. Kazi hakuna, na walijua kamera ni ya nani. Mama Pacha aliwaambia watu kwamba nilimwonea wivu msimamizi nikaona bora wote tukose. Nilikuwa nikichota maji, wengine wanaondoka bombani. Tajiri akawa anasema atafungua wiki inayofuata, amepata kibali. Kila asubuhi nilipita kulitazama jengo. Limesimama tu. Nikaanza kuogopa upya, mama, kwamba nimewanyima wenzangu chakula kwa ajili ya plasta.

Jumamosi mchana tajiri alimwingiza fundi plasta, pamoja na msimamizi wa kumfungulia, ili waufunike ufa. Mimi nilikuwa dukani, nikasikia kishindo kama lori linamwaga mawe, kikaendelea muda mrefu kuliko lori lolote. Sakafu ya tatu ilishuka juu ya ya pili. Mojawapo ya mashine mpya ilikutwa imelala juu ya mikeka. Fundi alitoka na mkono umevunjika. Msimamizi walimchimbua jioni, yu hai, lakini miguu yake hawajui kama itapona. Nilikwenda hospitali kumwona. Alinitambua, akageukia ukutani.

Nilirudi nikamkuta Mama Pacha amekaa mlangoni kwangu na wanawe. Hakunisalimu. Niliwakaribisha ndani, nikampa chai, akawanywesha wanawe. Kisha akaniuliza, "Ulijuaje?"

Nikamwambia, "Sikujua. Niliogopa tu."

Alikubali kwa kichwa, akanivua kitambaa kichwani akajifutia uso, kama tulivyokuwa tukifanya kazini. Tangu siku hiyo wako hapa kwangu. Sasa hivi ni mchana, watoto watatu wamelala kwenye mkeka mmoja, na Mama Pacha amekwenda kutafuta kazi. Kila mmoja wao anapojigeuza, naacha kalamu natazama dari.

Binti yako