Fuko Aliyeziba Mfereji

Kwa mama mukwe, mama wa Apolina,

Salamu kutoka shambani kwako, juu ya njia ya Swima. Nimekaa ndani ya kibanda chako cha majembe na mbegu, mgongo kwenye nguzo ya katikati, na karatasi iko juu ya kinu kilichopinduliwa. Miaka yote niliyokuwa mkwe wako hatukutazamana usoni hata mara moja, na hata sasa naona haya kukuandikia. Lakini kuna neno moja limenikaa kooni, na leo nitalitoa.

Unakumbuka nilivyofika kwenu. Nilikuwa seremala wa misioni kule Baraka, najua kupima kwa mita, na kiburi kilinijaa mpaka kwenye kofia. Nilimwambia Apolina, kwa sauti ya kutosha ili usikie, kwamba kibanda hiki kinanuka moshi na dawa yake ni kukibomoa. Kesho yake niliingia kuchukua jembe, nawe ukaja ukasimama nje. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja, wala hawasemeshani uso kwa uso. Basi ulisema na ukuta.

"We ukuta, ambia ule fundi: hii kibanda bwana yangu aliijenga mbele Apolina hajazaliwa. Yeye ametengeneza nini yenye kupita umri wa muke yake?"

Nilikuwa nimetengeneza kabati moja ya padri, na mlango wake ulikuwa umeshapinda.

Tangu siku ile ukuta ukawa mwalimu wangu. Ulinifundisha kugonga kila nguzo kwa mgongo wa panga na kusikiliza, kwa maana mti mzima unalia kavu, na mti ulioingiwa na mchwa unaguna. Ulinifundisha kuchoma mguu wa nguzo mpaka uwe mweusi kabla ya kuusimika, na kuuzungushia majivu kila Jumamosi wakati wa mvua. Ule moto mdogo wa magunzi haukuwa wa kupika kitu, ulikuwa wa kufukiza manyasi ya paa, na yale masizi niliyotaka kuyafagia ndiyo yaliyowafukuza wadudu. Paa hukuliezeka lote kwa mara moja. Kiangazi hiki upande wa ziwa, kiangazi kijacho upande wa mlima, hivyo halikuzeeka lote pamoja. Hayo hakuna aliyenifundisha misioni. Nilikuheshimu kwa sababu desturi inataka, lakini kukupenda nilikupenda kwa sababu ya paa lile.

Sasa neno lenyewe. Mvua zilikuwa zinakaribia, na monitere, msimamizi wa kilimo cha pamba, alikuwa ametubana tumalize palizi. Ulipita nyuma ya kibanda na mzigo wa kuni kichwani, upepo wa ziwa unavuma, nawe ukasema bila kusimama: "Ukuta, zibula mufereji ya huku nyuma." Mimi nilisikia ziba.

Nilishangaa kidogo. Mtu huziba vipi mfereji wakati mvua iko njiani? Lakini mkwe hamuulizi mama mkwe mara ya pili, kana kwamba maneno yake hayaeleweki. Nikajisemea labda panya wanapita humo kufuata karanga zako za mbegu. Nikachukua mawe bapa ya ufukoni, nikayapanga, nikashindilia udongo. Kazi safi kabisa. Mama, nilisimama nikaitazama na kufurahi.

Maji yalikosa njia yakalala chini ya nguzo ya katikati. Mvua ya tatu ilikukuta ndani, umeingia kuinua vikapu vya mbegu. Nilikuwa shambani niliposikia nguzo inazama na paa linaegemea mlango. Nilikimbia nikidhani nitasikia kilio. Nilisikia sauti yako ya siku zote.

"Ukuta, ambia fundi mulango imefunga. Mi niko ndani."

Niliingia kinyumenyume, Mama. Nilisukuma mlango kwa mgongo, macho chini, nikaweka bega chini ya boriti na kusimama. Wewe ulitoa kwanza kikapu cha karanga, kikapita karibu na mguu wangu. Halafu ukarudi kuchukua cha maharage. Mimi ni mtu wa hasira, unajua, na pale nilitaka kukugombeza, mama mkwe mzima, kwa ajili ya maharage. Mwishowe niliona miguu yako ikipita, ya udongo mtupu, ukucha wa kidole kidogo cha kushoto umepasuka. Bega langu halijanyooka vizuri tangu siku ile.

Wazee walikuja kutazama. Walitaka mbuzi, kwa kuwa mkwe ameingia alipo mama mkwe wake. Halafu kaka yako akauliza nani ameziba mfereji. Kila mwenye macho aliona yale mawe na kujua ni mkono wa fundi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nikisikiliza.

"Ni fuko," ulisema. "Fuko ya huku inajua kupanga mawe."

Kaka yako alicheka, wengine wakacheka, na mambo yakaisha. Kuhusu mbuzi ulimtuma Apolina aseme kwamba mbuzi inakuliwa siku moja tu, afazali mukwe alete manyasi. Nilileta mizigo sita nikaezeka upande wa ziwa. Mfereji niliuzibua peke yangu, hukunisemesha lolote juu yake, wala siku ile, wala baadaye.

Siku ya msiba wako walinifunulia shuka wakaniambia, sasa unaweza kumwangalia. Sikuweza kuangalia uso. Niliangalia miguu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naijua, na nililia mpaka Apolina akanishika mkono.

Kibanda kimesimama. Wiki hii nimegonga nguzo zote, zote zinalia kavu. Magunzi yanafuka hapa karibu nami, na kiangazi hiki ni zamu ya upande wa mlima. Apolina anasema nimezeeka vibaya, nasema na ukuta wakati nje hakuna mtu. Mwache aseme.

Mama, yule fuko nilikuwa mimi. Ulijua, na mimi nilijua kwamba unajua. Leo asubuhi upepo ulivuma kama ule wa siku ile, nikaweka mdomo karibu na ukuta, nikauliza lile ambalo ningeuliza zamani: "Mama, sikusikia muzuri. Unasema ziba, ao zibula?"

Nilingoja kidogo. Halafu nikachukua jembe nikaenda nyuma kuuzibua mfereji.

Lala salama, Mama, mahali pakavu.

Mimi mukwe wako, upande wa ndani wa ukuta.