Shule Yetu ya Barabara ya Kaptagat Haipo Tena

Eldoret

Mpendwa Baba,

Nakusalimu wewe na Mama, nikitumaini kifua chako kimepata nafuu huko Bunyore. Sisi huku tuko hai, na hakuna aliyelala kitandani, kwa hiyo namshukuru Mungu. Elisha mdogo wangu akusomee barua hii polepole, asiruke mahali.

Baba, ile shule imebomolewa.

Nimejaribu kukuandikia habari hii, nikaacha, nikajaribu tena. Unakumbuka yule mzungu wa zamani alivyowapa ile pembe ya shamba kwa mdomo tu, na ninyi vibarua mkakanda udongo siku za Jumapili, akina mama wakakata nyasi za paa. Basi aliuza shamba akarudi kwao. Huyu mpya alikuja na ramani, akasema haoni shule pale, anaona mahali pa ngano. Mwalimu Daudi alikwenda bomani kuwasihi wakubwa wa serikali. Alirudi koti limelowa mvua, akatuambia, "Wameniuliza karatasi. Nikasema waliojenga wako hai, waulizwe. Wakacheka."

Wakaletwa watu wa shamba la jirani. Walifunga minyororo kwenye nguzo, ng'ombe wakavuta. Ule ukuta wa darasa la kwanza ulioukandika wewe ulikuwa wa mwisho kuanguka. Watoto walisimama kando ya barabara wakitazama, vibao vyao vya kuandikia vikiwa kwapani, kama wanaongoja kengele.

Kisha ikaja zamu ya uwanja wa shule. Unamjua Kiprono, mwenyeji wa huku tuliyekuwa tukishindana naye mbio pale uwanjani Jumamosi, wewe ukipiga kelele golini, "Mfukuzeni, msimwache!" na hatukumpata hata siku moja. Wakati huo alikuwa mshika jembe la ng'ombe. Aliamriwa alime uwanja. Alifika katikati akasimamisha ng'ombe. Mimi nilikuwa nyuma yake na wenzangu, tukiokota mawe.

"Endelea!" nyapara akamwambia.

"Hapa siwezi. Kwingine kote mimi ni boi. Hapa nilikuwa mtu."

Bwana mwenye shamba akaitwa. Hakufoka. Alimwambia tu ahame na mke wake, watoto na ng'ombe wake. Kabla hawajamaliza kufunga mizigo, nyumba yao ikachomwa. Walielekea upande wa Burnt Forest, na tangu hapo sijasikia habari zao. Uwanja ulilimwa hata hivyo, na mtu mwingine. Milingoti ya goli ilipasuliwa kuni za jikoni kwa Bwana.

Mwalimu Daudi alifundisha kwa muda chini ya mikaratusi ya barabarani. Mvua ikawa nyingi, halafu watoto wakaitwa kuchuma maua ya pareto, mwisho akabaki na wanafunzi wawili. Amerudi kwao Kakamega. Alipokuja kuniaga alinipa mkono.

Ngano imeota pale. Ni ngano nzuri, Baba, siwezi kukudanganya.

Mjukuu wako Rebeka alikuwa ameanza kusoma Zaburi bila kufuata kwa kidole. Sasa anashinda na kikapu cha pareto mgongoni. Juzi nilimwambia, "Nitakupeleka kwa babu, ukasome shule ya misheni." Akaniuliza, "Na hiyo nayo wakiibomoa?" Mama yake akanitazama. Nikatoka nje.

Nisalimie Mama sana, na shangazi Dorika aliyewaongoza akina mama kukata nyasi. Mzee Yona, fundi wa milango ya shule, umwambie habari hii wewe mwenyewe, kwa maana mimi sijui nianzie wapi. Mke wangu anawasalimu nyote.

Ni mimi mwanao,
Zakayo, niliyejifunza pale kuandika jina hili.