Wa Kwanza Mtandaoni, Mtaa wa Congo

Jumatatu, 14 Julai
Nimefungua duka saa mbili. Kabla ya chai nimeshauza zipu Mbeya, Songea na Mwanza, zote kwa simu. Mtaa wote huu wa Congo hakuna aliyenitangulia kuuza vifungo mtandaoni, tena bila dalali.

Uongo. Nimeuza lesi mita mbili kwa fundi wa ghorofani, naye kalalamikia rangi. Simu yangu ina tochi na mchezo wa nyoka, basi.

Aliyenitia katika uongo huu ni Nasra, binti wa chuo. Alikuja mwezi jana na dodoso, anatafiti biashara ya mtandaoni hapa Kariakoo. Una duka mtandaoni? Lipo. Wateja wa mikoani? Wapo. Unawapata bila mtu wa kati? Ndiyo kabisa. Miaka arobaini kaunta hii haijawahi kutamka "hakuna". Mteja akitaka kifungo nisichonacho, namwambia kipo, keti, natokea mlango wa nyuma kukichukua kwa jirani. Nasra nilimjibu kama mteja.

Jumanne, 15 Julai
Nasra kaja anang'aa. Kumbe nimekuwa sura ya nne nzima ya tasnifu yake, peke yangu. Anasema watafiti wa mwanzo, wa huko Ulaya na Marekani, waliandika kwamba mtandao ukiingia dalali atakufa. Muuzaji na mnunuzi watakutana wenyewe. Kazunguka Kariakoo yote kutafuta ushahidi, hakuuona mpaka aliponipata mimi. Ijumaa msimamizi wake anakuja kuona kwa macho.

Nikacheka. Alipoondoka nikahesabu siku: tatu.

Jumatano, 16 Julai
Nimekwenda kwa Rehema. Rehema ni winga. Hana duka wala mzigo. Anapiga picha mzigo wa watu, wangu pia, anautangaza kwenye simu yake. Mteja wa mkoani akikubali, anauchukua kwetu na kuupakia basini. Zipu zangu za Songea zote zimepita mikononi mwake. Nikamwomba aniazime hilo duka lake la simuni, Ijumaa, saa moja tu.

"Babu, unaazima wateja wangu kama unavyoazima kopo la vifungo?"

"Nitawarudisha."

"Wakipiga simu je? Sauti yangu wanaijua. Utabana pua?"

Kacheka mpaka kakaa juu ya robota. Kisha kafuta machozi ya kicheko. "Babu, mtoto wa watu atafeli."

Hilo ndilo limenikaa kifuani. Wali wa mchana nimempa paka.

Alhamisi, 17 Julai
Nimesema. Yote. Rehema kasimama pembeni, nisije nikapunguza.

Nasra kasikiliza mpaka mwisho. "Mzee, swali la mtu wa kati nilikuuliza mara mbili."

Kweli. Na mara mbili nikasema ndiyo.

Hakulia. Afadhali angelia. Kampigia msimamizi pale pale kwenye kaunta. "Ndiyo, Daktari" nyingi, moja baada ya nyingine, kila moja chini kuliko iliyopita. Ziara imefutwa. Sura ya nne imefutwa. Kapewa wiki tatu aiandike upya, la sivyo asubiri mwakani.

Nimezoea kuudhi watu. Kuharibia mtu sijazoea. Naona aibu, na ninaogopa.

Ijumaa, 18 Julai
Baada ya sala sikufungua tena. Nimemtembeza Nasra kwa mawinga: vibarazani, ngazini, ghorofa ya tano ambako lifti ni pambo. Kumi na wanne. Nilitangulia kila mahali kuwaonya: atakayemjibu huyu kama mteja, namchapa. Mkoba nimebeba mimi. Goti limevimba.

Wote wamesema kweli. Dalali hajafa. Kazaliana, kanunua simu. Nasra kaliandika hilo, kalipigia mstari. Hajatabasamu hata kidogo.

Jumatatu, 28 Julai
Nasra hajaonekana siku kumi. Rehema anasema anaandika. Au kaacha? Sithubutu kuuliza mara ya pili.

Jumatano, 6 Agosti
Sura imekubaliwa. Nimeambiwa na Rehema, si na mwenyewe.

Nasra kaja asubuhi kumshukuru. Kapita barazani anaamkia. Muuza uzi, shikamoo. Mlinzi, shikamoo, na mlinzi nimemzidi miaka kumi. Kafika kwangu: "Habari za kazi." Kama mimi karani mwenzake. Shikamoo yangu imekatika tangu siku ile ya kukiri. Nimejibu nzuri. Nikapanga vifungo vilivyokwisha pangwa.

Sidai mengi. Lakini mawinga kumi na wanne, kwa goti hili! Kesho anapita tena. Nitamwambia: mwanangu, shikamoo yangu moja tu, nipatie. Hata ya kupita njia.